Mafundo ya Uzi Mweupe

Kila asubuhi, kabla chai haijapoa, fundi huketi kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, kebo za siku hiyo zimelala magotini, ncha zake zimechanuliwa kama vidole. Mkewe, ambaye ni mshonaji, hutoka na kikombe chake mkono mmoja na uzi mweupe wa cherehani mkono wa pili, hukaa kando yake, na hapo huanza jambo ambalo mpita njia angedhani ni mchezo wa watoto.

"Hii?" fundi huuliza, ameinua waya mmoja.

"Nyekundu."

Fundi hufunga fundo moja.

"Na hii?"

"Kijani."

Hufunga mawili. Bluu haiulizi, kwa maana bluu anaiona mwenyewe; huifunga matatu kwa ajili ya utaratibu tu. Waya wa nne, ule mweusi unaopeleka umeme, huachwa bila kitu.

"Siku nikiamka nimekasirika nikakudanganya, utajuaje?" mkewe humtania.

"Sitajua. Nitajua jioni, mteja akija na rungu."

"Basi niheshimu, baba watoto. Ninayo riziki yako kwenye ulimi."

Hunywa chai yao, naye fundi hupakia kebo mkobani na kwenda zake.

Mtaani wanamwita Mafundo. Jina lake halisi wanalijua wachache, na hao wachache hawalitumii. Kazi yake ni taa za utepe, zile taa janja zinazobandikwa ukutani na kubadilishwa rangi kwa simu. Utepe unatoka dukani umekunjwa kama mkanda wa suruali, mrefu mno kwa meza na mfupi mno kwa ukumbi. Mwenye nyumba anataka uzunguke dari, uruke mlango, uendelee upande wa pili. Mwenye saluni anataka nusu juu ya kioo na nusu chini ya kaunta, na vyote viwake kwa pamoja. Mafundo anakata utepe pale penye alama ndogo ya mkasi, maana ukikata pengine popote umeua kipande kizima, kisha anatengeneza kebo yake mwenyewe ya kuunganisha. Analehemu waya mmoja mmoja, anavisha kila kiungo mrija mwembamba wa plastiki, anaupitishia moto wa kiberiti mpaka usinyae na kukaza. Panapokuwa mbali huweka waya mnene, taa za mwisho zisije zikafifia kama mtu mwenye njaa. Kazi yake haitikisiki. Unaweza kuning'inia kwenye kebo ya Mafundo, watu husema, ukakatika wewe.

Lakini mtu huyu, anayeishi kwa kuuza rangi, hajapata kuona nyekundu wala kijani.

Kwake hizo mbili ni mapacha. Zote zina sura ya udongo mkavu, na akizikazia macho sana ndipo huona moja imekolea kidogo kuliko nyingine, lakini ipi ni ipi hana hakika ya kula kiapo. Alipokuwa mdogo mama yake alimtuma achume nyanya, akarudi na kapu zima la nyanya mbichi, akachapwa kwa uvivu. Akatumwa tena, akarudi na mbichi tena, akachapwa kwa kiburi. Hakuna aliyefikiri kumchapa kwa sababu ya kweli, na yeye mwenyewe alikuwa hajui kwamba ipo.

Alijua akiwa kijana, anajifunza umeme kwa fundi mkubwa mmoja mwenye kitambi na sauti. Siku moja akaunganisha waya visivyo, taa ya ukumbini ikapiga mlio ikazima. Fundi mkubwa akamwuliza, naye kwa ujinga wa umri akasema kweli: kwangu hizi zinafanana. Yule mzee hakumtukana. Alimtazama tu, kisha akasema taratibu mbele ya wenzake wote: "Asiyeona rangi asiguse umeme. Atatuua." Akampa jembe. Msimu mzima kijana alichimba mifereji ya mabomba, wenzake wakipita juu yake na ngazi begani, wakimwita Kipofu. Alipoondoka pale akaenda kuanza upya kwingine, alikuwa amejifunza mambo mawili: kulehemu, na kunyamaza.

Mkewe alimgundua bila kuambiwa. Ndoa ilikuwa bado changa. Alimtuma akanunue uzi wa kijani wa kumalizia sare za wanafunzi, mume akarudi na uzi mwekundu, anatabasamu, anataka shukrani. Mke hakucheka. Alifungua droo ya cherehani, akapanga nyuzi zote mezani, akamwuliza moja moja, kama mwalimu na mwanafunzi wa siku ya kwanza. Walipofika mwisho, mume alikuwa anatoka jasho.

"Nani mwingine anajua?" mke akauliza.

"Hakuna."

"Basi tuko wawili."

Kesho yake asubuhi ndipo mafundo yalipoanza, naye ndiye aliyeyabuni. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ile ilikuwa na mdomo mzito.

Waliokuwa hawajui walitafuta maana yao wenyewe. Wengine walisema ni dawa, kwamba Mafundo amekwenda kwa mganga akafungiwa biashara humo kwenye uzi. Wengine walisema ni muhuri wake, kama ng'ombe anavyotiwa alama. Wateja wakaanza kuuliza madukani: "Hii kebo ina mafundo? Kama haina, sitaki." Wivu haukuchelewa. Vibanda vichache kutoka chake alikuwapo fundi mwingine, kijana mchangamfu anayejiita Bingwa, ambaye aliona biashara inampita hivihivi mlangoni. Naye akanunua uzi mweupe, akaanza kufunga.

Mafundo alipoiona kebo ya kwanza ya Bingwa alicheka mpaka akashika mbavu. Jioni akamsimulia mkewe, akitegemea naye atacheka.

"Kaiga tembo kunya, huyo," mke akasema, lakini uso haukuwa na kicheko. "Mwambie mafundo yana maana. Mwambie ama ayafunge sawa ama aache."

"Nikimwambia yana maana, ataniuliza ni ya nini."

"Mwambie basi ni ya nini."

"Ili kesho mtaa mzima unipe jembe?"

Mkewe akakata uzi kwa meno. "Mficha uchi hazai, baba watoto."

"Sisi tumezaa watatu," akajibu mume, na mazungumzo yakaishia hapo, kama yanavyoishia mazungumzo ambayo mmoja ameshinda kwa maneno na mwingine kwa haki.

Kisha ikaja kazi ya shule.

Ilikuwa shule ya watoto viziwi, madarasa matatu kwenye mstari mmoja, korido mbele na jiko upande wa pili wa uwanja. Mwalimu mkuu alikuwa mama mnene mwenye mwendo wa haraka, aliyezungumza kwa mdomo na mikono kwa wakati mmoja, hata na mtu anayesikia. Alimweleza shida yao. Kengele haina kazi pale. Mwalimu hukimbia mlango hadi mlango akipunga kitambaa: somo, chakula, kwaheri. Muhula uliopita moshi ulitoka jikoni, ukuta ukashika moto. Wakubwa walitolewa upesi. Darasa la wadogo, lililo mwisho wa korido, lilisahauliwa kwa muda, watoto wamekaa wanachora, mwalimu wao ametoka kufuata chaki. Hakuna aliyeumia. Lakini mwalimu wao tangu siku hiyo hatoki tena kufuata chaki.

"Kwa hiyo nataka taa," mwalimu mkuu akasema. "Kila darasa utepe wake, juu ya ubao, zote ziwake rangi moja kwa mara moja. Bluu, somo linaanza. Kijani, chakula. Nyekundu, hatari: acha kila kitu, toka nje, panga mstari uwanjani. Watoto nimeshawafundisha. Kesho nakitupa kile kitambaa cha kupunga. Utaweza?"

"Naweza, Mwalimu."

Alisema kweli. Kuugawa utepe mmoja vyumba vitatu ilikuwa kazi anayoweza kuifanya akiwa na homa. Asubuhi ile walifunga mafundo mengi na mkewe kuliko siku yoyote, mpaka chai ikapoa. Mke, aliposikia ni shule gani, alirudia kuangalia kila waya.

Darasa la kwanza likaenda vizuri, la pili vizuri. La tatu, la wadogo, lilikuwa na jambo. Ukutani kulishabandikwa utepe wa mapambo kabla ya kazi hii, mzima kabisa, na kebo yake ilipita ndani ya ukuta kwenye bomba na kutokeza koridoni, ncha zake zikiwa na mafundo ya uzi mweupe. Mafundo aliyatazama akajaribu kukumbuka. Kazi zake zilikuwa nyingi. Inawezekana alishapita hapa, au mtu alinunua kebo kwake akaja kuifunga. Akapapasa. Moja. Mawili. Na bluu, ile anayoiona kwa macho yake, ilikuwa na matatu yake kamili kama inavyostahili. Basi akaziamini zote. Nani angetoboa ukuta wa watu wakati kebo ya mikono yake ipo? Akalehemu moja kwa moja, mawili kwa mawili.

Wakati wote huo mwalimu wa wadogo alikuwa mlangoni. Mwanamke kijana, mwembamba, asiyesema neno. Kwa kukaa na watoto wale alikuwa amezoea kusikiliza kwa macho, na macho yake yalikuwa yametulia usoni kwa fundi.

Mafundo akawasha nyeupe kujaribu: vyumba vyote vitatu vikawa vyeupe. Akawasha bluu: bluu kote. Hizo mbili ndizo alizojaribu nazo siku zote, kwa kuwa ndizo zinazomjibu.

"Safi!" mwalimu mkuu akapiga makofi kwa namna yao, viganja vikipepea hewani. "Na saa ya kula imefika. Hebu tuanze sasa hivi. Washa kijani!"

Mafundo akagusa simu pale anapopajua kuwa ni kijani.

Darasa la kwanza wakainuka, wakatabasamu, wakaelekea mezani. La pili wakafuata. Darasa la wadogo wakatupa kalamu za rangi, wakachomoka mlangoni kama kuku waliomwagiwa maji, wakavuka korido, wakapanga mstari uwanjani juani, mkono wa huyu begani kwa yule. Wakasimama. Upande wa pili wakubwa walikuwa wameshaanza kula, na wadogo wakawa wanazitazama sahani za wenzao kwa huzuni, lakini hakuna aliyevunja mstari. Mpishi akawapungia mwiko waje. Kasichana kalikokuwa mbele kakatikisa kichwa, kakaonyesha darasani kwa kidole, kakakunja mikono. Taa imesema hatari, chakula baadaye.

Mwalimu mkuu alicheka mpaka machozi. "Wallahi hawa ndio watakaoiokoa nchi! Fundi, umewashibisha wakubwa, wadogo umewafungisha! Si unaona ulichofanya?"

Mafundo alitazama darasa la pili, akatazama la tatu. Tepe mbili, udongo mkavu na udongo mkavu.

"Naona," akasema. "Kuna waya umelegea."

Hakuna waya uliolegea. Alifungua kiungo, akakuta kila kitu mahali pake, fundo moja kwa moja, mawili kwa mawili. Mikono ikaanza kutoka jasho kama siku ile ya nyuzi mezani. Akampigia mkewe, simu ikaita bila kupokelewa, maana cherehani ikilia hasikii kitu. Ndipo wazo baya likamjia. Akampigia Bingwa.

"Kaka mkubwa!" Bingwa akapokea kwa furaha. "Leo jua limechomoza wapi?"

"Ile shule ya viziwi. Uliwahi kufanya kazi pale?"

"Ndiyo, nilipamba darasa la watoto. Kwani limeanguka?"

"Halijaanguka. Mafundo uliyafunga kwa mpango gani?"

"Mpango?" Bingwa akacheka. "Kaka, ni urembo ule! Nilichukua kebo yako nikaiangalia, nikaiga. Matatu nilianza nayo vizuri, hayo mengine nikaweka kwa kukisia. Kwani yako yana mpango?"

Mafundo alizipapasa tena ncha zile. Kwa mbali alisikia kelele za mtaa wao ndani ya simu, mtu akinunua, mtu akibisha.

"Yana mpango," akasema mwishowe. "Nitakueleza nikirudi."

"Nieleze sasa!"

"Nikirudi." Akakata.

Sasa alijua. Kurekebisha lilikuwa jambo dogo kuliko yote: hizi mbili zimebadilishana, azibadilishe tena. Alipasha moto pasi yake ya kulehemu, akabandua, akahamisha, akavisha mirija mipya, akaisinyaza. Mafundo ya Bingwa akayakata na kuyatia mfukoni. Watoto walikuwa wanakula, kasichana ka mstari wa mbele kakila kwa mikono miwili. Mwalimu mkuu alikuwa ameitwa ofisini. Koridoni walibaki yeye na yule mwalimu wa wadogo.

Akagusa simu pale anapopajua kuwa ni nyekundu. Tepe zikawaka.

Zinapaswa kuwa sawa, alijiambia. Kama hizi mbili zilibadilishana, basi sasa zimerudi. Lakini lile neno *kama* halikutaka kukaa. Vipi kama kosa halikuwa hilo peke yake? Vipi kama katika kubandua na kuhamisha, waya mbili za udongo mkavu zimerudi palepale, na mafundo ya kuzitofautisha yako mfukoni? Mtu mwenye macho angeinua kichwa mara moja akajua. Yeye aliinua kichwa, akaona udongo mkavu, akafanya alivyofanya maisha yake yote: akageuka kumtazama mtu aliye karibu, ausome uso wake. Wateja wake wote alikuwa akiwasoma hivyo. Akiwasha rangi hatazami taa, hutazama mashavu ya mwenye nyumba. Wakifurahi, ni sawa.

Lakini uso wa mwalimu huyu haukumpa kitu. Ulikuwa umetulia, unamsoma yeye. Akatambua kwamba tangu asubuhi alikuwa anasomwa: vidole vinavyopapasa mafundo, nyeupe na bluu tu katika kujaribu, na sasa haya macho yanayoikimbia taa na kuomba jibu usoni pa mtu.

Neno lilikuwa tayari mdomoni. *Iko sawa, Mwalimu.* Lilimtoka siku zote bila kukwama. Angelisema, akakunja ngazi, akaenda nyumbani, na huenda ingekuwa kweli. Na kama si kweli, siku moja moshi ungetoka tena jikoni, na wale wadogo, watiifu kuliko wote, wangeiona taa ya chakula, wakanawa mikono, wakaenda jikoni kwa mstari.

Alikumbuka jembe. Alikumbuka nyayo za wenzake juu ya ukingo wa mfereji, na jina walilompa.

Mwalimu alisogea hatua moja. Alipoongea, sauti yake ilikuwa ndogo na nzito kidogo, kama mlango usiofunguliwa mara nyingi. Hakuwa amemwuliza kitu siku nzima, na hili ndilo alilouliza.

"Fundi, wewe pale juu unaona rangi gani?"

Mafundo aliizima pasi ya kulehemu, akaiweka chini.

"Sijui, Mwalimu," akasema. "Niambie wewe."